Sabuni kwenye Mfuniko wa Tanki

Kaa hapo, mwanangu, na hilo begi weka chini. Ipo siku moja naikumbuka mpaka harufu ya petroli yake, na leo umenilazimisha niisimulie, maana umekuja kwangu umevimba macho unasema unamwacha mwanangu kwa sababu anachelewa kurudi kutoka kazini Mtumba. Unamtaka apige picha mlango wa ofisi akutumie ndipo umwamini. Mimi ni mama mkwe wako, lakini kwa wivu, binti, wewe bado unajifunza.

Baba mkwe wako alikuwa na pikapu kuukuu, ya kabureta, rangi hata haijulikani. Alikuwa anabebea zabibu za Hombolo kuleta mjini. Kiangazi kile vumbi lilituchosha, wewe mwenyewe unalijua vumbi la huku Mkonze upepo ukianza. Fundi akamwambia, mchanga unaingia kwenye tanki, unaziba chujio. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Muda si mrefu pikapu ikaanza ugonjwa. Inakwenda vizuri, inajaza petroli mjini, ikifika karibu na Hombolo inakohoa, inazima. Mume wangu anakaa pale mpaka ichoke kununa, anawasha, inawaka. Kurudi nako ilikuwa inazima, mara huku mara kule, lakini hayo ya kurudi mimi sikuyasikia. Nilisikia la kwenda tu, kwa sababu ya mahali ilipozimia.

Ilizimia mbele ya kibanda cha mjane mmoja wa Kondoa, Mama Asha, muuza chai na vitumbua.

Wee! Safari ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikauliza, "Huyo mama ana umri gani?" Ya tatu akarudi na vitumbua vimefungwa kwenye karatasi, eti watoto wale. Nikavitupa kwa kuku. Nilikuwa nanusa mashati yake kabla ya kuyafua. Nikilala naiona pikapu imeegeshwa kule, naona buli la chai, naona mkono wenye hina unammiminia. Fundi akabadilisha pampu ya petroli, nikasema fundi naye wamekula njama. Mwisho nikaenda kumshtaki kwa mama yake, na wazee wakapanga kukaa Jumapili. Nikaapa, kikao kikiisha narudi kwetu na watoto wangu wote.

Kabla ya Jumapili nikasema naenda kumfumania. Nikapanda mbele, nimejifunga khanga kiunoni. Kituoni nikashuka kuhakikisha kweli anajaza. Akajaza. Tukaenda, na ilipofika palepale, mwanangu, ikakohoa ikazima.

Mama Asha akatoka. Alikuwa mzuri, sikufichi, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Akasema, "Karibu dada. Shemeji, gari limekukumbuka tena hapa?"

Shemeji! Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Yule mama akasimama na kikombe mkononi, akaniangalia, akarudi ndani.

Mume wangu alifungua boneti kwa hasira. "Njoo uone basi, maana mimi ni mwongo." Nikaenda. Akafungua chujio, safi, halina hata chembe. Akachomoa mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, akaniambia nizungushe ufunguo. Petroli ikatoka tone, tone lingine, ikakauka.

Nikapiga makofi kwa furaha. "Petroli imeisha! Umepima ikuishie kwa hawara yako!"

"Mama Neema," akaniambia, "si umeniona najaza?"

"Umeimwaga njiani. Fungua tanki nione!"

Akaenda nyuma, akashika mfuniko. Mgumu. Akaukaza mkono akauzungusha, na ulipolegea tanki likavuta hewa, fyuuuuu, hata kuku wa Mama Asha wakakimbia. Akaniambia nizungushe ufunguo tena. Petroli ikaruka kwenye ule mpira ikamlowesha shati lote.

Akaugeuza mfuniko. Katikati yake kuna kitundu kidogo, cha kuingizia hewa petroli inapopungua. Kitundu kimezibwa kwa sabuni ya mche, na juu ya sabuni ipo alama ya kidole gumba.

"Nani kaweka hii?"

Nikakiangalia kidole changu. Mwanangu, mimi nilikuwa nimeona madereva wakiziba tanki linalovuja kwa kipande cha sabuni, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Siku ile fundi aliposema vumbi linaingia, nikatafuta linapopita, nikaona kile kitundu, nikasema ndicho hiki. Nikakiziba vizuri, nikabana. Nilidhani nalinda gari la mume wangu. Na gari lilianza kuzima baada ya hapo: tanki likikosa hewa petroli haitoki, na kwa kuwa alijaza kituo kilekile, pumzi ililiishia palepale kwa Mama Asha.

Hakunipiga, hakunitukana. Alichokonoa sabuni kwa mwiba, akanipa mkononi ile iliyotoka. "Kamwoneshe mama yangu Jumapili," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini kwanza mwoneshe mama wa watu umemtukania nini."

Nikaingia kwenye kile kibanda na sabuni yangu. Mama Asha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mume wangu alipokuwa hai nami nilikuwa hivyohivyo. Kaa unywe chai." Nikanywa huku nalia. Akanipa na vitumbua, vilikuwa vizuri mno, nikazidi kuona wivu.

Basi nakwambia hivi, mwanangu. Sisemi wanaume hawadanganyi, wapo, na ukimkuta kweli njoo, nitakushikia begi mimi mwenyewe. Lakini kabla ya kumwita mtu mwongo, fuata jambo lake kutoka tanki mpaka kabureta, na ukiwa unafuata, kagua na ulichokiziba wewe. Mwanangu mimi namjua. Siku hizi akifika nyumbani anakaa ndani ya gari getini kwanza, nimemwona. Muulize anaogopa nini ndani ya nyumba, na swali hilo muulize bila simu mkononi.

Mungu akupe nyumba yenye amani, akupe watoto, akutulize huo moyo kama alivyojaribu kuutuliza wangu akaishia nusu. Maana mzee yule unayemwona pale nje, mpaka leo akitaka kupita njia ya Hombolo husema, "Vile vitumbua jamani," na mimi mpaka leo hunyanyuka nikatoka mpaka mlangoni, ila namwacha aende. Haya, beba begi lako. Mumeo amepiga honi.