Sindano ya Kinga

Nilipokuwa kidato cha pili, afisa mmoja wa afya alikuja shuleni kwetu, upande wa Mogogosiek, kuzungumza nasi kuhusu ukimwi. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na aliona haya. Neno kondomu halikumtoka kinywani. "Vijana, jiepusheni," alisema. "Mkishindwa, tumieni kinga." Hakuna aliyeuliza swali. Nililiandika neno hilo daftarini nikadhani nimelielewa.

Dada yangu alikuwa ameacha shule darasa la saba, akachuma majani chai ili mimi nisome. Wakati huo alikuwa na mchumba, dereva wa lori la kubeba majani. Jumamosi moja tukikamua ng'ombe aliniuliza tulichofundishwa. Nikamjibu kwa maringo ya msichana wa sekondari: "Ni kutumia kinga tu. Enda zahanati, uombe."

Akaenda. Alirudi akijisugua mkono na kucheka. "Nimedungwa. Ni ya miezi mitatu."

Nilifurahi, nikidhani hiyo ndiyo kinga ya ukimwi. Nesi alikuwa amemsikia akiomba kinga, akadhani anaogopa mimba, akamdunga sindano ya kupanga uzazi. Hilo sikulijua. Kila miezi mitatu dada alirudi zahanati, hata mvua ikinyesha, hata majani yakiwa mengi shambani. Sijaona mtu mwangalifu kama yeye.

Nilikuja kujua nikiwa chuo cha ualimu, siku mkufunzi alipoweka pakiti ya kondomu mezani na kusema, "Hii ndiyo kinga." Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Dereva alikuwa ameshazikwa kwao, na dada alikuwa nyumbani, akikohoa.

Likizo ilipofika nilimkuta kitandani kwa mama. Mikono yake ilikuwa imekonda kama ya mtoto.

"Lakini mimi nilidungwa," aliniambia. "Sikukosa hata mara moja. Kwani ile dawa ilikuwa na shida gani?"

Nilikuwa na jibu.

"Labda ilikuwa imeharibika," nikasema.

Aliyaamini maneno yangu, kama alivyoyaamini yale ya kwanza. Alimlaumu yule nesi mpaka akafa, na mama akairithi lawama hiyo. Hadi leo, wakikutana sokoni, nesi humsalimia mama, naye huangalia kando. Nikiwa na mama, mimi huangalia chini.