Fundo la Mashoto

Katika mtaa ule ulio nyuma ya soko la Gitega, aliyemjua Yakobo alijua pia kwamba hatumii tepu ya umeme. Kila alipounganisha waya aliuviringishia ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, kisha akaufunga kwa uzi, kwa fundo lile lile ambalo wachungaji hufungia ndama. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, Sebastiani, aliyekuwa fundi wa magari ya misheni, na ndivyo alivyofanya hata katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikoishi miaka kumi na mitano kabla ya kurejea. "Tepu huyeyuka kwa joto," marehemu baba alikuwa akisema, "lakini mpira una subira."

Asubuhi moja ya Aprili, mvua ikiwa imepumzika, Mama Gaudensia, mwalimu wa katekisimu, alimletea skuta kuukuu ya Kiitaliano yenye rangi ya maziwa, aliyoachiwa na mjomba wake wa Muyinga. Alitaka honi yenye sauti, na soketi ya kuchajia simu, maana njia ya Makebuko ni ndefu na simu yake hufa kabla ya jioni.

"Honi ni rahisi," Yakobo alimwambia. "Simu ndiyo yenye maneno. Umeme wa skuta hizi za zamani huenda ukarudi, huenda ukarudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Simu hutaka umeme unaokwenda mbele tu. Nitatia kidude cha kuunyoosha, la sivyo itaungua."

"Unyooshe tu, Muzee. Hata mi wakristo wangu nawanyoosha kila Jumapili."

Yakobo akacheka, akafungua taa ya mbele.

Ndani, waya za indiketa zilikuwa zimeviringishiwa mpira wa baiskeli, zikafungwa kwa fundo la ndama. Akavaa miwani. Fundo lilikuwa la baba yake, ila limegeuzwa: ncha ya uzi ilifichwa kulia, ilhali ya baba na yake yeye mwenyewe ilifichwa kushoto. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyefunga hivyo, kwa kuwa alikuwa mashoto: Manase, mdogo wake. Na Manase alipotea karibu na Muyinga mwaka 1993, walipokuwa wakikimbilia mpakani. Waliokuja nyuma yao walisema wameuona mwili wake.

Labda ni kazi ya zamani, alijiambia. Lakini indiketa zile zilikuwa na vitaa vya LED, ambavyo wakati ule hakuna fundi wa Burundi aliyekuwa ameviona.

"Muzee, mbona unaiangalia hivi? Skuta iko na ugonjwa?"

"Nani alifunga indiketa hizi?"

"Fundi moja wa Muyinga, pale njia ya Kobero. Mwaka jana. Kazi yake nzuri, lakini ule mdomo wake. Anasema mafundi wa Gitega wanafunga waya kama vile wanafunga kuni."

"Hushika bisibisi kwa mkono gani?"

Gaudensia akafikiri. "Wa kushoto. Mjomba alikuwa anamucheka, eti hata ugali anakula kinyumenyume."

Yakobo akaketi juu ya tairi. Kilichomjia kwanza ni kilima cha Bugendana, penye mashamba aliyowaachia baba yao. Aliporudi kutoka Tanzania alitengeneza mitungi ya pombe ya mtama, akawaita majirani, akasimama mbele yao na kutamka kwamba msiba wa Manase umekwisha. Desturi ndivyo ilivyo: matanga yakishaondolewa, mali ya marehemu hupata mwenyewe mwingine. Tangu siku ile amelima sehemu ya mdogo wake pamoja na yake, akilala usingizi wa mtu mwadilifu. Leo fundo la uzi lilimwambia kwamba amemzika mtu aliye hai, akalila shamba lake.

Alifunga honi vibaya, ikaanza kulia yenyewe hata kuku wa jirani wakatawanyika. Akaifungua, akaanza upya. Jua lilipofika utosini, simu ya Gaudensia ilianza kuchaji, naye Yakobo hakumbuki alivyomuaga.

Kesho yake alikuwa Muyinga. Kando ya njia ya Kobero alimkuta mtu mwenye mvi ameinamia pikipiki, bisibisi i katika mkono wa kushoto. Akatoa mfukoni kipande cha waya alichokifunga mwenyewe, akamwekea kiganjani.

Yule mtu alikitazama kwa muda mrefu bila kuinua uso.

"Ncha umeificha upande mbaya," alisema. "Kama kawaida yako."

Ndipo alipoinua macho.

"Waliniambia mto Ruvubu umekuchukua," alisema. "Nimekuondolea matanga, Yakobo. Hapa hapa. Watu walikunywa siku mbili."

"Nami nilikuondolea Bugendana. Kwa nini hukurudi?"

"Niliogopa kilima kisicho na watu wangu."

"Shamba lako ninalilima mimi."

Lori likapita.

"Umepanda nini?"

"Maharagwe."

"Yametoa maua?"

"Yametoa."

Manase akajifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akajipaka weusi shavuni. "Basi nitakuja kuyavuna. Wala usiwaambie majirani, kaka. Walikunywa pombe ya msiba wangu. Nami nataka nizione nyuso zao."