Patipati Zilizobaki Bombani

Wiki jana nikienda Parklands kwa daktari wa kifafa, nilipita hekalu la Wahindi nikaona viatu vimejaa mlangoni, wenyewe hawapo. Aibu ya siku ile Kangemi ikanirudia.

Nilikuwa mdogo. Akina mama walikuwa wakifua bombani, nami nikicheza na povu. Nikasikia harufu ya mpira ukiungua, na hakuna aliyekuwa akichoma kitu. Halafu sikumbuki, nisidanganye.

Nilipoamka ndoo ilikuwa ikimwagika, gauni langu limelowa mkojo, na patipati zimetapakaa matopeni bila watu. Pasta alikuwa ametufundisha kwamba Yesu akirudi, walio safi watanyakuliwa na kuacha hata viatu.

"Mama, Yesu amekuja akatuacha?"

Mama alikuwa amelaza kichwa changu mapajani. "Bado, mami. Wameenda tu kuanika nguo."

Sikuamini. Nilijua tumeachwa kwa sababu ya mkojo wangu.

Kumbe walikimbia. Waliamini nikijamba tu nikiwa nimeanguka, kifafa kitawashika na wao. Siwalaumu sana, pengine hata mimi ningekimbia.

Pale Parklands, daktari alinibandika kichwani nyaya za kusoma ubongo, kwa mafuta mazito ya baridi, akauliza, "Mara ya kwanza, nani alikuona? Nataka kujua ni mkono gani ulianza kutetemeka."

"Mama. Lakini tulishamzika."

"Hakukuwa na wengine?"

Nikaangalia chini, nikavuta sketi ifunike magoti.

"Walikuwa wengi, daktari. Walinyakuliwa wote."