Kikombe Juu ya Karatasi za Modesta

Modesta hakumpenda mkurugenzi wake, na hakujisumbua kulificha hilo. Alikuwa fundi wa mtandao katika kampuni moja ya minofu ya sangara pale Igogo, mwaka wa pili huu, kwa mikataba ya miezi sita sita. Kila mmoja ulipoisha, mkurugenzi huyo, Bwana Shigela, alimwambia avumilie, ajira ya kudumu inakuja. Safari hii alikuwa amemtajia siku kabisa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Kazi yake ilikuwa kuangalia vile visahani vyeupe vya darini vinavyotoa Wi-Fi, ambavyo mafundi huviita akses pointi. Mtu akitembea na simu yake, simu inatakiwa iachie kisahani cha nyuma na ishike cha mbele, mwenyewe asijue. Ili iwezekane, vyote viwe na jina moja na paswedi moja, na nguvu ipunguzwe ili kila kimoja kihudumie eneo lake. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Wakubwa wa ghorofani hawakuelewa, maana kila mmoja alitaka mtandao wenye jina la cheo chake. Ukipanda ngazi ulikutana na MKURUGENZI, UHASIBU, MASOKO na UTUMISHI, kila mmoja na paswedi yake, yote imefunguliwa nguvu ya mwisho kwa amri, ili bosi afurahie mistari kujaa kwenye simu yake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mwezi wa tatu Modesta aliandika mpango wa kurasa mbili, akampelekea. Shigela alisoma aya moja, akainua macho.

"Yaani mimi na mfagiaji tutumie mtandao mmoja?"

"Ndiyo, bosi. Simu haijui cheo cha mtu."

Shigela akatua kikombe chake cha chai juu ya zile karatasi, akaendelea na mambo yake. Modesta alitoka mle ndani amemdharau kuanzia unyayo hadi utosi. Aliruhusiwa kupanga ghorofa ya chini tu, kwa wapakiaji na wafagiaji, kwa kuwa huko hakukuwa na mkubwa wa kugombea jina. Akavipa visahani vyake sita jina moja, WAFANYAKAZI, na huko watu wakatembea na simu zao bila kukatika.

Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa yake, wanunuzi wa nje walipiga simu ya video wakitaka kutembezwa kiwandani wakiwa hukohuko kwao. Shigela akavaa koti jeupe, akashika simu kwa mapozi, akatoka ofisini akijisifia usafi. Hajafika mlango wa mhasibu, picha yake ikaganda kwenye skrini, mdomo wazi. Simu yake ilikuwa bado inausikia MKURUGENZI ukipiga kelele kule nyuma, ikaung'ang'ania, ila sauti ya simu yenyewe haikuweza kurudi hadi kule.

Akajaribu UHASIBU. Paswedi alikuwa nayo Obedi, mhasibu mkuu, na Obedi alikuwa benki. Akawasha bando lake, akashuka ngazi, na bando likafia kwenye mlango wa chumba cha baridi, maana kuta zake ni nene. Wanunuzi walipopiga mara ya tatu, bosi alikuwa anatoka jasho mbele ya mlango wa barafu. Hapo akapita Mama Yassin, mfagiaji, akitoka vyooni kuelekea kwenye upakiaji, fagio kwapani, anaongea na mwanawe wa Ukerewe kwa video.

"Huyu mbona yake haikatiki?" Shigela alimuuliza Modesta, aliyekuwa ameitwa aje kusaidia.

"Yuko kwenye mtandao wa wafagiaji, bosi," alisema Modesta. Akaichukua simu mkononi mwa mkurugenzi na kuiunganisha. Wanunuzi walitembezwa dakika arobaini, wakaaga wameridhika.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na tangazo ubaoni: Maboresho ya Mkurugenzi. Kuanzia Jumatatu jengo zima litakuwa na mtandao mmoja, uitwao MKURUGENZI. Zilikuwa kurasa mbili za Modesta, zimetolewa kopi, jina lake limefutwa kwa wino mweupe. Katikati ya ukurasa wa kwanza lilionekana duara la kikombe cha chai. Hata kuchapa upya alishindwa, mwizi mvivu yule.

Ofisini kwake, Shigela alimsogezea mkataba wa miezi mitatu, chini ya uangalizi, kwa kosa la kumpokonya bosi simu mbele ya wageni.

"Na ajira ya kudumu?"

"Vumilia, mwanangu."

Modesta akausoma mkataba mpaka mwisho. Kisha akainua kikombe cha bosi, akakitua katikati ya ile karatasi, akasimama.

"Sasa Jumatatu nani ataunganisha?" Shigela aliuliza.

"Yote yapo kwenye tangazo lako, bosi," alisema Modesta, ameshashika kitasa. "Fuata tu ulivyoandika."