Nadhiri za Mama, Miguu Yangu

Kila mtakatifu ana sikukuu yake, na nyumbani kwetu Lemon Gaba, pembezoni mwa Juba, kila sikukuu ilikuwa na safari, na safari ilikuwa yangu. Kaka yangu alipanda tishali pale bandarini Juba kwenda kaskazini kutafuta kazi, na tangu hapo hatujasikia neno. Mama akaanza kuweka nadhiri. Magoti yake yalikwisha zamani, tangu tukiwa wakimbizi Kenya, kwa hiyo yeye aliahidi na mimi nikatembea.

Februari tulimwomba Mtakatifu Bakhita. Machi tukamgeukia Mtakatifu Yosefu, ambaye, nilimkumbusha Mama, mtoto wake alipotea siku tatu tu akapatikana. Hakucheka. Kisha ikaja zamu ya Mashahidi wa Uganda. Nikajiunga na mahujaji wa parokia wanaokwenda Namugongo kwa miguu, shati la kaka likiwa ndani ya mkoba ili linyunyiziwe maji ya baraka kwa niaba yake.

Kabla ya kuondoka nilipita soko la Malakia kununua ndala. Mama muuzaji, Mganda, alinijua kwa sura.

"Wewe tena, nyabo? Sasa ni mtakatifu gani? Hawa watu yako itamaliza viatu yangu yote!"

Safari ile sitaipamba. Vumbi, halafu mvua, halafu malengelenge. Wenzangu waliimba, mimi nilinyamaza nisije nikatukana. Namugongo kwenyewe watu walifurika hata altare nikaiona kwa mbali, ndogo kama kiberiti. Sala niliyoiandaa njia nzima ikanitoka kichwani. Nikasema tu, "Mrudisheni, jamani, nimechoka." Padri alipopita na maji, shati likaambulia matone mawili matatu.

Nilirudi kwa basi. Mama alikuwa mlangoni juu ya mkeka. Alilipokea shati, akalinusa, akalikunja. Sijavua hata ndala, akaniambia:

"Mtakatifu Antoni yuko karibu. Huyo ndiye wa vilivyopotea. Kuna kigango ng'ambo ya mto..."

Hasira zikanipanda.

"Mama, kalas, basi! Mimi si punda wa watakatifu wako. Hawajatujibu hata mmoja! Kwa nini usisali hapa hapa, mimi nikapumzika?"

Hakunikemea. Alivuta beseni, akaushika mguu wangu na kuanza kuuosha taratibu, akikwepa vidonda. Nilitamani anigombeze, ingekuwa nafuu.

"Najua hawajajibu," alisema. "Lakini wewe nikikutuma, unarudi. Nakaa hapa naangalia barabara, siku inapita, siku inapita, halafu naona mtoto wangu anakuja."

Aliendelea kuosha. Nikamsogezea na mguu wa pili. Kisha nikamwuliza misa ya Antoni huanza saa ngapi.