Sanda Saba Forodhani

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana wa fikihi, elimu ya sheria za dini, katika chuo kimoja cha Ngamiani, mjini Tanga. Kwa kuwa nilikuwa nimepitia pia skuli ya serikali, mahujaji wa mtaa wetu walizoea kuniletea fomu zao za safari niwajazie. Nilikuwa na karatasi niliyoinakili kwa mkono wangu kutoka tangazo lililobandikwa bandarini, na chini yake nikaongeza mambo niliyoyapata kwa waliowatangulia. Cheti cha chanjo ya ndui na cha homa ya manjano kisitiwe kashani, bali kifungwe katika nguo ya mwilini, kwa maana kasha hushushwa mwisho na daktari wa bandari huuliza mwanzo. Maji ya Zamzam yawe katika madebe madogo yaliyolehemiwa mdomo. Mtu asipokee kifurushi cha mwenziwe ambacho hakukiona ndani. Na kila kitu kitokacho hapa kwa nia ya kurudi kiandikwe katika fomu ya kutokea, ili siku ya kurejea kisidhaniwe kuwa kimenunuliwa ng'ambo.

Hili la mwisho nililisisitiza kuliko yote. Nalo ndilo nililolivunja mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, katika fomu ya shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mjane. Aliishi nyumba moja na mke mwenziwe, mjane wa mume yule yule, mwanamke wa Kigombe aliyeolewa miaka mingi baada yake. Mtaa mzima uliwaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, nao wenyewe wakaitana hivyo hivyo. Mume alipofariki, watu walidhani nyumba itagawanywa. Wao waligawana vyumba, mmoja akachukua upande wa barabarani na mwingine upande wa uani, wakabaki na jiko moja la kugombania.

Mwaka ambao shangazi alijaliwa kwenda Hija pamoja na kaka yake, baba yangu mkubwa, nilikwenda kumwandikia vitu vyake. Nilivipanga mkekani nikaviandika kwa utaratibu niliojivunia: bangili mbili za dhahabu, stovu moja ya mafuta ya taa, birika moja, kishikio cha kifuniko kimevunjika. Kisha nikafika kwenye mafungu saba ya bafta nyeupe, yasiyokatwa wala kupindwa, yamenyunyizwa karafuu maiti. Ilikuwa ada ya wanawake wa kwetu kumpa ahijiye sanda zao akazichovye katika maji ya Zamzam, azikaushe huko, awarudishie. Kila mmoja alitia uzi wa rangi yake pembeni apate kuijua iliyo yake. Ya shangazi ilikuwa na uzi mwekundu, na ya Bi Mdogo uzi wa kijani. Tano zilizobaki zilikuwa za majirani.

"Na haya je, shangazi?" niliuliza.

"Hayo huyaandiki."

"Fomu yataka kila kitu."

"Mwanangu, wenye vitu hivi sasa hivi wanapika majumbani mwao. Utawaandika sanda zao serikalini, ijulikane kuwa wanangojewa?"

Bi Mdogo alikuwa kizingitini akichambua mchele. "Mwandike yeye peke yake," alisema bila kuinua macho. "Si ndiye mkubwa? Na atangulie."

"Nyamaza, Bi Mdogo, nisije nikaisahau yako Jiddah."

"Ukiisahau nitakuja kuifuata mwenyewe, tena nitakuja usiponitarajia."

Walicheka, nami nikacheka nao, nikaifunga fomu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikubishana. Nilikuwa na hoja: kuandika jina la kitu si kukiita kije. Ningeweza kuitoa, na kwa watu wengine ningeitoa. Lakini mkono wangu nao ulikuwa umelelewa mtaa ule ule, na ulikuwa mzito kuandika neno sanda mbele ya jina la mtu aliyeketi akichambua mchele.

Miezi mitatu ilipita kabla meli ya mahujaji haijarudi. Katika muda huo Bi Mdogo aliugua. Miguu ilivimba, pumzi ikapungua, na daktari wa hospitali ya serikali akatuambia kwa upole kwamba moyo umechoka. Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu kila nilipokwenda kumjulia hali: "Meli imefika wapi?" Alitaka aletewe sanda yake aiweke chini ya mto, afe akijua ipo. Nilimhesabia bandari: Jiddah, Adeni, Mombasa. Nilipomwambia Mombasa alifumba macho akasema, "Basi nitajikaza."

Meli ilitia nanga Jumamosi asubuhi. Abiria na makasha waliletwa pwani kwa tishari, nami nikaruhusiwa kuingia katika banda la forodha kama msaidizi wa wazee wasiojua kusoma. Cheti cha shangazi kilikuwa kifuani, pale nilipomwagiza kukiweka. Maji yalikuwa yamelehemiwa. Baba mkubwa alipitishwa mwanzo, akaenda kuketi juu ya kasha lake akingoja.

Karani aliyekuwa zamu alikuwa kijana wa milima ya Usambaa, Mkristo, mwenye soksi ndefu na adabu ya watu wa kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua kasha. Akazitoa bangili, akaitazama fomu. Akaitoa stovu, akaitazama fomu. Alipofika kwenye birika alitabasamu, akakigusa kile kishikio kilichovunjika, akatia alama. Kisha akaitoa bafta, fungu baada ya fungu, mpaka yakawa saba mezani. Akaitazama fomu mara mbili.

"Mama, nguo hii ni ya biashara?"

"Audhubillahi. Hiyo ni sanda."

Kijana aliondoa mkono. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, "Mtu mmoja ana haja ya sanda ngapi?"

"Moja."

"Basi hizi sita?"

"Za watu."

"Watu gani, mama?"

"Walio hai. Sitawataja."

Nilijitokeza. Nilimweleza ada yetu kwa urefu, pengine kwa urefu uliozidi, nikamwambia kwamba bafta ile ilitoka dukani hapa hapa Tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, nakuamini," alisema. "Lakini fomu hii ni mwandiko wako, sivyo? Umeniandikia mpaka ugonjwa wa birika. Hukuandika nguo iliyojaza nusu ya kasha. Nimwambie nini mkubwa wangu?"

Nilikiri kwamba mwandiko ni wangu.

Alitufafanulia kanuni. Kitu ambacho msafiri hutumia mwenyewe hupita. Kitu kipya, kisichokatwa, kilicho zaidi ya haja ya mtu mmoja, wala hakimo katika fomu ya kutokea, huzuiwa mpaka afisa aamue. Afisa ni Mzungu akaaye Raskazone, naye amepanda Lushoto tangu jana kupumzika, atarudi Jumatatu. Na ofisi yenyewe hufungwa saa sita mchana. Moja angeweza kuitoa, kwa sababu ingawa haikuandikwa, ni haja ya mtu mmoja. Sita zitabaki ghalani zikiwa zimefungwa kwa lakiri.

Hapo ndipo nilipomvuta shangazi kando nikamweleza hali ya Bi Mdogo, ambayo alikuwa hajaijua.

"Yuko hai?"

"Asubuhi hii alikuwa hai. Anaingoja."

Nilimnong'oneza kwamba kijana hajui uzi upi ni wa nani. Atoe ile ya uzi wa kijani, aseme ni yake, aweke dole gumba, twende zetu. Baba mkubwa, aliyekuwa amesogea, aliongeza kwamba yeye pia yuko tayari kusema moja ni yake, ziwe mbili.

Shangazi alitutazama sote wawili. "Nimetoka kuoshwa," alisema, "hata sijakauka, mwataka niweke dole kwenye uongo? Na wewe, mwalimu?"

Alirudi mezani, akachagua ile ya uzi mwekundu. "Hii ndiyo yangu," alimwambia karani. Karani aliandika, naye akaweka dole gumba. Niliona haya kwa lile nililomshauri, na wakati huo huo nikamwonea uchungu, maana nilidhani amechagua ukweli na kumwacha mke mwenziwe mikono mitupu.

Nyumbani hakuvua hata buibui. Aliingia moja kwa moja chumba cha uani, akaketi kitandani kwa Bi Mdogo. Walishikana mikono.

"Uliingia nyumba hii baada yangu," shangazi alisema, "na sasa wataka kutoka kabla yangu. Huna adabu."

"Nilikungoja, Bi Mkubwa. Wasema sina adabu?"

Shangazi alimwekea lile fungu mikononi. Macho ya Bi Mdogo yalikuwa yamefifia, lakini vidole vyake vilitafuta pembe ya nguo, vikapata uzi, akausogeza karibu na dirisha.

"Huu si wangu."

"Wako umefungwa forodhani mpaka Jumatatu. Chukua wangu."

"Na wewe?"

"Mimi nina haraka gani?"

Bi Mdogo aliinusa ile bafta kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwisha kabisa lakini yenye kicheko ndani yake, "Tuligawana mume. Tutashindwa na bafta?"

Jioni ile aliwaambia majirani waliokuja kumjulia hali kwamba ile ya uzi wa kijani sasa ni ya Bi Mkubwa. Alifariki Jumapili kabla ya adhuhuri, tukamzika baada ya alasiri. Wanawake walioikata sanda ile katika vipande vyake vitano walisema ilikuwa bado na ukavu wa jua la huko.

Usiku ule niliitafakari kanuni ya forodha kama nilivyozoea kuyatafakari mas'ala ya fikihi. Kitu kitumikacho na msafiri mwenyewe hupita. Shangazi alikiri kwamba sanda ni yake, na ilikuwa yake. Hakukiri kwamba hatamwachia mwingine, wala hakuulizwa. Kwa maneno ya kanuni alikuwa salama. Kwa makusudio ya kanuni, nilidhani, alikuwa salama zaidi, kwa sababu kanuni ile iliwekwa kumzuia mfanyabiashara, naye hakuuza kitu. Lakini ilinisumbua kuona kwamba yeye, asiyejua kusoma, alipata njia iliyonyooka katika muda wa kutembea kutoka kando ya banda mpaka mezani, ilhali mimi niliyejua kusoma nilikuwa nimeanza kwa kuficha na nikaishia kwa kushauri uongo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda nyumba kwa nyumba. Niliwaambia wale majirani watano ukweli wote: kwamba kosa ni langu, na kwamba haiwezekani tena kutotajwa. Nilitarajia lawama. Walivaa buibui zao wakanifuata, wakaja wakakaa safu moja kwenye benchi la forodha, wakisalimiana na wachukuzi. Mzungu alipofika aliuliza kulikoni. Karani wa milimani alimweleza kwa Kiingereza kizuri, kwa maneno machache kuliko yangu. Lakiri ikakatwa. Kila mwanamke alitaja rangi ya uzi wake kabla ya fungu kufunguliwa, na kila mmoja alipatia. Mmoja, mwenye uzi wa manjano, alimwambia karani, "Itazame vizuri, mwanangu. Hutaniona nimeivaa." Mzungu aliomba atafsiriwe, akajikuna shingo, akaenda ofisini kwake.

Likabaki fungu moja mezani, la uzi wa kijani.

"Mwenyewe yuko wapi?" karani aliuliza.

"Tulimzika jana," nilisema.

Alivua kofia. Shangazi, aliyekuwa nyuma yetu muda wote, akasogea mbele. "Hiyo ni yangu sasa."

"Mama, yako uliichukua Jumamosi."

"Ndiyo. Ameondoka nayo yeye. Hii ameniachia mimi, mashahidi ni hawa."

Kijana aliwatazama wanawake benchini, nao wakaitikia kwa vichwa. Alibaki ameishika kalamu, kisha akanigeuzia ile fomu. "Mwalimu," alisema, "andika wewe. Safari hii usisahau."

Niliichukua kalamu. Chini ya birika lililovunjika kishikio, mbele ya jina la shangazi yangu aliyesimama hapo mzima akinitazama mkono, niliandika: sanda moja, ya bafta, uzi wa kijani, ya mwenyewe. Ilikaa kashani mwake miaka mingi baada ya hapo, mpaka mimi nikaota mvi, na siku tuliyoikunjua kumzika hapakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani.