Kitabu cha Lubugo

Lubugo lina harufu ya moshi na udongo uliolowa, na nilipokuwa mtoto kule Kagoma harufu hiyo ilinitia kiwewe. Nguo hiyo ya gome la mti, lililopondwa hadi likalainika, nilikuwa nimeiona mahali pamoja tu: msibani, babu akiwa amezungushiwa kabla hajashushwa kaburini nyuma ya migomba. Kwa hiyo msimu ule wa mvua, Bibi alipolala akikohoa hadi mbavu zikamuuma, halafu Shangazi akaja kutoka Nyanga, Bukoba mjini, akafungua sanduku la Bibi na kutoa lubugo lake la akiba ya maziko, nilirudi nyuma hadi mlangoni. Nilijua wakubwa wamekata tamaa.

Shangazi alikuwa mwalimu wa sanaa huko mjini, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Aliketi barazani akakata, akakunja, akashona kwa uzi aliokwisha kuupaka nta, huku Bibi akikohoa ndani. Nilidhani anamshonea sanda mtu aliye hai. Nilikaa mlangoni kwa Bibi nikisikiliza kifua chake kikikoroma, na kila kiliponyamaza kidogo, nami niliacha kupumua. Hata senene, wale panzi wa kukaanga ambao sijawahi kuwakataa tangu nizaliwe, siku hizo niliwasukuma pembeni.

Asubuhi moja mvua ilipokatika, Shangazi aliingia chumbani na kitu alichokishona. Kilikuwa kitabu. Akakisimamisha juu ya stuli, akakifungua hadi jalada la mbele likakutana na la nyuma, kikawa duara. Hakikuwa na neno hata moja. Kila ukurasa ulikuwa umetobolewa mlango, wa ndani mdogo kuliko wa nje, hivi kwamba ukiinama ulikuwa kama unachungulia ndani ya msonge, ile nyumba ya nyasi ya wazee wetu. Mwanga wa dirishani ulipenya kwenye milango ile, vivuli vikatanda ukutani. Kilikuwa kizuri, na uzuri wake ulizidi kunitisha.

"Weka mkono," Bibi aliniambia.

"Naogopa, Bibi. Hiyo ni nguo ya maiti."

Bibi alicheka hadi kikohozi kikamkaba. "Ni yangu, mwana wange. Mimi mwenyewe nimempa shangazi yako. Nilimwambia anijengee nyumba ya mama yangu, niione tena." Akaingiza kidole mlango wa kwanza, akaenda polepole hadi wa mwisho. "Hapa tulifunga mbuzi. Na hapa ndipo nilipozaliwa." Nikaingiza changu, nikafuata njia ileile.

Bibi alipona, akaishi miaka mingi. Alipofariki, tulitafuta lubugo wilaya yetu nzima ya Muleba tusipate. Shangazi alikitazama kitabu kile, akashika mkasi ili akifumue, kisha akauweka chini. Bibi alizikwa kwa shuka la dukani.

Sasa kitabu kiko sebuleni kwangu, Bukoba. Wageni huuliza maandishi yako wapi, nami huwaambia wainame, wakizunguke. Juzi binti yangu mdogo, ambaye hajawahi kuona lubugo msibani, aliuingiza mkono wote bila wasiwasi, akaniuliza, "Mama, mbona ndani hakuna mtu?" Nilimvuta mkono kwa nguvu hadi akashtuka. Yeye hakuogopa chochote mle. Mimi ndiye niliyeogopa, maana namjua aliyepaswa kulala humo.